Wino kwenye ukucha: kisa cha Kano na matone ya polio

Cheti cha chanjo kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mtoto akishadondoshewa matone mawili mdomoni, mchanjaji anampaka wino usiofutika kwenye ukucha wa kidole hicho, kisha anaandika kwa chaki ukutani, karibu na mlango, tarehe na idadi ya watoto waliopatikana ndani. Msimamizi akipita kesho yake anasoma kuta na kukagua vidole. Huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, vilipatikana vidole vyenye wino ambavyo wenyewe hawakuwahi kuonja tone. Mama hataki chanjo, mchanjaji naye anaogopa kurudi na hesabu pungufu, basi wanaelewana hapo hapo mlangoni: paka wino, nenda zako.

Kisa cha Kano mara nyingi husimuliwa kwa pumzi moja: watu walikataa chanjo kwa sababu ya ujinga na dini, polio ikasambaa duniani. Kwamba ilisambaa ni kweli. Mengine yanahitaji kufumuliwa uzi mmoja mmoja, kwa sababu waliokataa hawakuwa kundi moja, na kila mmoja alikuwa na lake. Aliyekataa ofisini hakuwa na sababu ya aliyekataa barazani, na wa barazani hakuwa na sababu ya aliyekataa jikoni. Walichofanana ni jibu tu.

Ugonjwa unaoonekana kwa nadra

Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kutoka na kinyesi. Penye maji machafu na vyoo vibovu, mtoto mmoja huwaambukiza wenzake wakicheza, na wengi wao hawataonyesha dalili yoyote zaidi ya homa ndogo. Katika kila walioambukizwa 200 hivi, mmoja ndiye hupooza. Kwa daktari hesabu hiyo inatisha, maana mtoto mmoja anayeburuta mguu ni ushahidi kwamba virusi vimeshapita katika miili ya mamia. Kwa mama hesabu hiyo hiyo inaonekana kinyume. Anawaona watoto wengi wazima, na mmoja wa mtaa wa pili ndiye aliyelemaa. Malaria anaijua, iko kitandani kwake usiku. Surua anaijua. Polio ni habari ya watu wengine.

Wahausa wana jina lao la ugonjwa huu, shan inna. Inna ni pepo wa kike katika imani za bori, zilizokuwapo kabla ya Uislamu na ambazo hazijafutika, na maana ya jina ni kwamba Inna amekinywa kiungo cha mtu mpaka kikasinyaa. Sidhani kwamba kila anayelitaja jina hilo anamwamini Inna, kama vile si kila anayesema kapagawa anafikiria mashetani. Lakini jina humwelekeza mtu mahali pa kupeleka shida. Mguu ulionywewa na pepo hupelekwa kwa mganga au kwa malamu, mwalimu wa dini, wa kuusomea, na matone ya kuzuia kitu kinachoingia kwa maji ya kunywa hayana pa kushika katika maelezo hayo.

Kuna jambo jingine lililowachanganya wazazi, na hili lina msingi wa kitabibu. Mtoto ana homa, anapelekwa zahanati, anachomwa sindano ya paja au ya tako, na baada ya siku chache mguu haufanyi kazi. Mama anahitimisha kwamba sindano ndiyo iliyomlemaza. Anaweza kuwa amepatia. Sindano ya msuli kwa mtoto ambaye tayari amebeba virusi vya polio huongeza uwezekano wa kupooza, na sindano ya kwinini ikipigwa vibaya huharibu mshipa wa fahamu wa mguu. Kwa hiyo hata kabla ya fitina yoyote ya kisiasa, palikuwa na kina mama waliokuwa na sababu ya kuhofia kitu kilichotoka mkononi mwa mtu wa afya.

1996

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka wa Kano alikuja mwaka 1996.

Mwaka huo homa ya uti wa mgongo iliikumba Nigeria kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana: wagonjwa zaidi ya 100,000, waliokufa zaidi ya 11,000. Hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Kano ilifurika. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa hapo wakitibu kwa kloramfenikoli, dawa ya zamani inayojulikana. Katika hospitali hiyo hiyo ikaja timu ya kampuni ya Marekani, Pfizer, ikiwa na dawa mpya iitwayo Trovan, ambayo ilikuwa bado inajaribiwa. Walichaguliwa watoto 200. Nusu walipewa Trovan, nusu wakapewa seftriaksoni kwa kulinganisha. Watoto 11 walifariki, 5 wa kundi la kwanza na 6 wa kundi la pili, na wengine walibaki na ulemavu.

Ukizitazama namba hizo peke yake, kampuni ina la kusema, na ililisema: homa yenyewe huua na kulemaza, na waliokufa chini ya Trovan hawakuzidi wa dawa nyingine. Ugomvi haukuwa wa namba. Wazazi walisema hawakuambiwa kwamba watoto wao wamo katika majaribio, wala kwamba mlango wa pili kulikuwa na tiba iliyozoeleka. Barua iliyoonyesha kwamba kamati ya maadili ya hospitali iliridhia ilikuja kubainika kuwa iliandikwa baadaye na kurudishwa tarehe nyuma. Kampuni ilikana kosa, ikasema ridhaa ilitolewa kwa mdomo na serikali ilijua. Gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi wake Desemba 2000. Mwaka 2001 familia zilifungua kesi New York. Mwaka 2009 kampuni na Jimbo la Kano walimalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 75 bila kampuni kukiri kosa, na mwaka 2011 familia nne za kwanza zikalipwa dola 175,000 kila moja.

Hebu zipange tarehe hizo sambamba na za polio. Habari za Trovan zilipasuka mwisho wa 2000. Kesi ikawa inasikika redioni 2001, mwaka ambao Marekani iliingia Afghanistan. Machi 2003 ikaingia Iraki. Julai 2003 minong'ono dhidi ya matone ya polio ikageuka kuwa tamko. Mzazi wa Kano aliyekuwa anakataa mwaka huo hakuhitaji kubuni kisa cha wageni waliokuja na dawa ya bure wakati wa dhiki. Kilikuwa mahakamani.

Mpaka leo nikisoma maandishi yanayoita mgomo wa Kano "upotoshaji", huwa natafuta kwanza kama mwandishi ameutaja mwaka 1996. Wengi huutaja kwa aya moja chini kabisa, kama kikolezo.

Waliokataa, mmoja mmoja

Wa kwanza walikuwa wakubwa. Julai 2003 Datti Ahmed, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Sharia nchini Nigeria, alitangaza kwamba chanjo imechafuliwa na Wamarekani na washirika wao ili kuwafanya mabinti wagumba. Zingatia kwamba yeye mwenyewe alikuwa daktari wa tiba. Yale maelezo ya ujinga yanaanza kuyumba hapo. Gavana wa Kano, Ibrahim Shekarau, alisimamisha chanjo. Kaduna na Zamfara zilikuwa miongoni mwa majimbo mengine yaliyositisha kwa muda, ila Kano ndiyo iliyoshikilia mpaka mwisho. Uchaguzi wa Aprili 2003 ulikuwa umemrudisha madarakani Olusegun Obasanjo, Mkristo wa kusini, dhidi ya Muhammadu Buhari, Mwislamu wa kaskazini, na Shekarau alikuwa wa chama cha Buhari. Chanjo ilikuja na nembo ya serikali ya Abuja. Kuikataa ilikuwa njia isiyo na gharama ya kumwambia rais kwamba huku si kwako. Isiyo na gharama kwa gavana, nimaanishe.

Wa pili ni baba, mai gida, yaani mwenye nyumba. Hofu yake ya ugumba haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1988 serikali ya Nigeria ilitoa sera ya idadi ya watu iliyopendekeza mwanamke asizidishe watoto wanne. Huko kaskazini, ambako uzao ni heshima na riziki ya mtoto ni ya Mungu, sera hiyo ilisomwa kuwa jaribio la kuwapunguza. Sasa miaka 15 baadaye serikali hiyo hiyo, ikiwa na wafadhili wale wale wanaohubiri uzazi wa mpango, inabisha hodi kutaka watoto wote walio chini ya miaka mitano, kwa dawa ya bure, kila baada ya miezi michache. Baba anajiuliza: hawa watu lini walinipenda kiasi hiki?

Na kuna namna ya kubisha hodi. Nyumba ya Kihausa ya desturi ina zaure, chumba cha kuingilia ambapo mgeni wa kiume huishia. Ndani zaidi ni kwa wanawake na watoto, na wake wengi huishi ndani bila kutoka mchana. Kiswahili kina neno lake, kutawa. Mchanjaji wa kiume hawezi kuvuka zaure. Akitumwa kijana asiyejulikana mtaani, na wakatumwa wengi hivyo, anabaki hapo akipiga kelele kuita watoto, huku mwenye nyumba akiwa sokoni. Mama aliye ndani hana ruhusa ya kuamua, na hata angekuwa nayo, hamjui huyo anayeita. Baba akirudi na kukuta kuna mgeni aliyetaka kumtilia mwanawe kitu mdomoni bila yeye kuwapo, jibu lake la mara ijayo limeshaandikwa. Wanawake ndio waliokuwa wanahitajika kwa kazi hii, wa mtaa ule ule, wenye umri wa kuheshimika. Ilichukua miaka kulielewa jambo ambalo ajuza yeyote wa Kano angelisema siku ya kwanza kama angeulizwa.

Wa tatu ni mama, na kwangu huyu ndiye aliyekuwa na hoja nzito kuliko wote. Hakuzungumzia Iraki. Aliuliza kwa nini dawa inayoletwa hadi kitandani ni ya ugonjwa asiouona, ilhali akimpeleka mtoto mwenye degedege zahanati anaambiwa dawa zimekwisha, kanunue. Kwa nini panadoli ni ya pesa na matone ni ya bure? Kwa nini wamekuja Februari, wakaja tena, wakaja tena, ikiwa dawa inafanya kazi? Swali la mwisho lina jibu la kisayansi: katika mazingira ya kuhara kwingi, dozi moja ya matone haishiki vizuri tumboni, inabidi kurudia. Lakini aliyetumwa mlangoni na kikapu cha barafu mara nyingi hakuwa na jibu hilo. Alikuwa na hesabu ya nyumba za kumaliza kabla ya jua kuzama.

Na mama hakukosea kuhusu vipaumbele. Mwaka 2005 surua iliua mamia ya watoto kaskazini mwa Nigeria, ugonjwa wenye chanjo ya miaka mingi, wakati pesa na magari vilikuwa vimeelekezwa kwenye polio. Mpango wa dunia wa kuitokomeza ulianza 1988, na kufikia mwisho wa 2003 nchi zilizokuwa hazijaukata mnyororo wa maambukizi zilibaki 6 tu, Nigeria ikiwamo. Kwa aliyekaa Geneva, kwenye makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, Kano ilikuwa kilomita ya mwisho ya safari ndefu. Mama wa Kano hakuwa safarini. Alikuwa nyumbani kwake, anaendeshewa kampeni ya mtu mwingine.

Maabara dhidi ya maabara

Serikali ilijaribu njia iliyoonekana ya busara: tupime chanjo, tuone. Hapo ndipo kisa kinapovutia zaidi, kwa sababu vipimo havikumaliza kitu. Watu wa kaskazini walipeleka sampuli kupimwa India, na zikaripotiwa chembe za estrojeni, homoni ya kike. Wataalamu wa upande wa pili wakasema kiasi hicho ni kidogo mno kumdhuru yeyote. Pande zote mbili sasa zina karatasi yenye mhuri wa maabara, na kila upande unaamini mhuri wake. Mwanzoni mwa 2004 ujumbe wa viongozi wa dini na wataalamu ulipelekwa Afrika Kusini, Indonesia na India kushuhudia vipimo. Ukarudi na kusema chanjo ni salama. Kano haikutikisika.

Kilichofungua mlango ni asili ya chupa. Kano ilikubali chanjo itakayotoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi kuliko zote duniani, katika kiwanda cha Bio Farma kilichoko Bandung. Chanjo ile ilikuwa ya aina ile ile, yenye viwango vile vile vya Shirika la Afya Duniani. Tarehe 31 Julai 2004, baada ya miezi kama 11, kazi ilianza upya, na gavana akamchanja mtoto wake mwenyewe mbele ya watu.

Wapo wanaocheka: gavana alitafuta ngazi ya kushukia, akaipata Bandung. Ni kweli alihitaji ngazi. Lakini mimi naona zaidi ya hapo. Mzazi asiye na maabara hawezi kupima chupa, anachoweza kumpima ni anayeileta. Sisi sote tunafanya hivyo. Hakuna aliyesoma makala haya aliyewahi kuichambua chanjo aliyochanjwa. Tulimwamini mtu fulani. Kano iliomba mtu wa kumwamini, na ombi hilo lingeweza kujibiwa Agosti 2003 kwa gharama ile ile.

Chupa ilivyokwenda, virusi vilivyorudi

Miezi 11 ilitosha. Virusi vyenye asili ya kaskazini mwa Nigeria vilivuka mipaka na kufika katika nchi zipatazo 20 zilizokuwa zimeshaitokomeza polio. Vilipita Chad, vikaingia Sudan, vikavuka bahari. Yemeni mwaka 2005 ilipata watoto zaidi ya 400 waliopooza.

Machi 2005 mtoto wa wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi, akapooza. Indonesia ilikuwa haijaona polio tangu 1995. Vinasaba vya virusi vilipochunguzwa vilionyesha chimbuko la Nigeria, kwa njia ya Sudan. Kabla mlipuko haujazimwa ulikuwa umewapooza watoto zaidi ya 300. Bandung, mji uliotoa chanjo ya kuinasua Kano, ni makao makuu ya Java Magharibi hiyo hiyo. Nimejaribu kuandika kitu cha busara kuhusu sadfa hii na nimeshindwa, naiacha ilivyo.

Nyumbani hali haikutengemaa mara moja. Amri ya gavana ilirudisha wachanjaji barabarani, haikurudisha imani majumbani. Mwaka 2006 Nigeria iliandikisha watoto zaidi ya 1,100 waliopoozeshwa na virusi vya asili vya polio, wengi kuliko miaka ya kabla ya mgomo. Hii ndiyo miaka ya wino wa uongo. Wakubwa walikuwa wameshakubali, na baba na mama walikuwa bado hawajajibiwa lolote.

Katikati ya hayo likaja pigo ambalo hakuna msambaza uvumi angeweza kulipanga vizuri zaidi. Chanjo ya matone hubeba virusi hai vilivyodhoofishwa. Pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo huweza kuzunguka kwa muda mrefu, vikabadilika na kurudisha makali. Hilo lilitokea kaskazini mwa Nigeria kuanzia 2005, kwa virusi vya aina ya 2, na watoto wakapooza kwa virusi vilivyotokana na chanjo. Habari hazikutangazwa hadharani mpaka 2007, kwa kuhofia kuwasha moto upya. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kisayansi, tatizo lilizaliwa na upungufu wa chanjo na tiba yake ilikuwa chanjo zaidi. Mweleze hivyo mtu uliyemficha kwa mwaka mzima na zaidi.

Kila mwenye lake akajibiwa lake

Mabadiliko yalipokuja hayakuja kwa mkupuo, na ndiyo maana ni vigumu kumpa sifa mtu mmoja.

Kwa mama, kuanzia 2006 siku za chanjo zilianza kuja na vitu vingine: vyandarua, sabuni, dawa za minyoo, chanjo nyingine. Wakosoaji waliita hongo. Kwangu lilikuwa jibu lililochelewa la swali halali. Baadaye wakaajiriwa wanawake wa mitaa yenyewe, wanaojua nani amejifungua na nani anaumwa, wanaovuka zaure bila kuuliza, na ambao kazi yao haikuwa matone peke yake. Mwanamke huyo anaingia, anakaa mkekani, anauliza habari za kunyonyesha na homa ya jana, na polio inatajwa katikati ya mazungumzo kama jambo mojawapo.

Kwa baba, ilibidi njia ipite kwa wenye heshima yao. Mwaka 2009 iliundwa kamati ya viongozi wa jadi wa kaskazini chini ya mwavuli wa Sultani wa Sokoto. Kutoka kwa sultani na maamiri, agizo likateremka hadi kwa mai unguwa, mkuu wa mtaa. Huyu ndiye aliyefanya kazi. Aliongozana na wachanjaji nyumba zilizokataa, akiketi barazani na mwenye nyumba kwa muda uliohitajika. Mai unguwa ndiye anayewasuluhisha majirani na anayeitwa kwenye arusi na maziko ya mtaa. Kumfungia yeye mlango ni jambo jingine kabisa. Amiri wa Kano, Muhammadu Sanusi II, alifika kunywa chanjo hadharani watu wakimwangalia.

Wakaingizwa pia wale ambao kampeni ilikuwa imewasahau: watu wazima waliolemazwa na polio utotoni. Kano ina wengi, wenye vyama vyao na mafundi wao wanaounda baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono. Mtu anafika mlangoni kwa baiskeli hiyo, au akitambaa kwa mikono yenye kandambili, anamwambia baba: mimi sikupata matone. Bango gani litashindana na hilo?

Namba zilifuata. Mwaka 2008 watoto karibu 800 walipooza kwa virusi vya asili nchini Nigeria. Mwaka 2010 walikuwa 21. Baada ya hapo palikuwa na kurudi nyuma. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba majasusi wa Marekani walitumia zoezi la chanjo la kughushi Pakistani wakimsaka Osama bin Laden, na anayetaka kuwashawishi wazazi wa Kano kwamba chanjo haina ajenda akajikuta ameongezewa kazi. Februari 2013 watu wenye silaha waliwaua kwa risasi wachanjaji wanawake wasiopungua tisa mjini Kano. Wanawake wale wale ambao ndio waliokuwa wameufungua mlango. Wenzao walirudi kazini.

Kesi za mwisho za virusi vya asili nchini Nigeria zilionekana jimbo la Borno mwaka 2016, sehemu zilizokuwa mikononi mwa Boko Haram, ambako shida ilikuwa kufika tu. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, katika hafla iliyofanyika kwa njia ya video kwa sababu ya korona.

Virusi vile vinavyotokana na chanjo vilibaki. Ili kuvikabili ilitengenezwa chanjo mpya ya matone dhidi ya aina ya 2, iliyoundwa ili isigeuke kirahisi. Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani liliipa kibali cha matumizi ya dharura, na Machi 2021 Nigeria ikawa miongoni mwa nchi mbili za kwanza duniani kuitumia. Kwa hiyo mwaka huo mwanamke mwenye kikapu cha barafu alivuka tena zaure, akakaa mkekani, na safari hiyo alikuwa na sentensi ngumu zaidi ya kuisema kwa Kihausa kilichonyooka: kwamba hii ni dawa mpya, imeruhusiwa kwa dharura kabla ya kupata leseni kamili, na nyinyi ni wa kwanza kuipata.